Unataka kupiga bila waya na mfuko ni mdogo? Anza na waya mmoja tu

Kabla hujaanza kutafuta bei kwenye simu, jiulize kwanza ni waya gani hasa unaokusumbua. Maana wengi wetu tunaopiga muziki bila hela ya kuchezea tunataka kila kitu kiwe bila waya kwa mpigo, maiki, gitaa, spika, hedifoni, kinanda, mwisho wa siku mtu ana vidude vinne vya bei chee na hakuna hata kimoja anachoweza kupanda nacho jukwaani. Mpiga dramu amekaa. Mpiga kinanda kasimama palepale mwanzo mpaka mwisho na miguuni kwake tayari kuna waya wa umeme, sasa ukimtolea ule wa sauti umemsaidia nini? Anayehangaika kweli ni mwimbaji anayetembea, na mpiga gitaa au besi asiyetulia, labda na wa saksafoni. Basi hela ya kwanza yote iende kwa huyo mmoja anayejikwaa, wengine wabaki na waya zao, na wala sio ushamba, waya mzuri hauishiwi chaji.

Bluetooth ni ya kusikilizia, sio ya kupigia

Hapa ndo hela nyingi zinapotea. Mtu anaona spika ya Bluetooth nzuri, bei rafiki, anasema ngoja nipitishe gitaa langu humu au nitavaa zile iyafoni zangu za Bluetooth kama monita, yaani za kujisikilizia mwenyewe wakati napiga. Haiwezekani, na sio kwamba kifaa ni kibovu. Sauti ikipita kwenye Bluetooth ya kawaida inabanwa kwanza, inatumwa vipande vipande, ikifika upande wa pili inasubirishwa kidogo ili isije ikakatika, ndipo inatoka. Safari yote hiyo inakula kama milisekunde 100 mpaka 250 kutegemea vifaa. Ukisikiliza wimbo tu huwezi kujua. Lakini piga kwa tempo ya 120 uone, noti ya moja ya kumi na sita kwenye tempo hiyo inadumu milisekunde 125, yaani unagonga uzi na sauti inakuja wakati kidole kishahama, ubongo unaanza kukuvuta upunguze mwendo ili uisubiri sauti, na ukipunguza nayo inazidi kuchelewa, baada ya baa nne hamjui mko wapi.

Kuna watu watakwambia tafuta yenye aptX Low Latency, aina ya Bluetooth isiyochelewa sana. Sawa, ile inashuka mpaka milisekunde 40 hivi, ila ni lazima upande unaotuma na upande unaopokea vyote viwe nayo, kimoja kikikosa mnarudi kulekule. Na hata 40 inafaa kwa kuangalia video midomo isipishane na maneno, kwa kupigia bado ni nyingi. Hizi Bluetooth za aina mpya, LE Audio na Auracast, nazo zimepunguza dilei (huko kuchelewa kwa sauti) lakini bado zimetengenezwa kwa ajili ya msikilizaji.

Ila usiitupe Bluetooth, ina kazi yake na inaifanya vizuri sana: biti za mazoezi. Rusha biti toka kwenye simu kwa Bluetooth kwenda kwenye ampu au spika, gitaa lako lichomeke kwa waya kwenye ampu hiyohiyo. Biti imechelewa ndiyo, lakini imechelewa yote, we unafuata unachokisikia na sauti ya gitaa inatoka papo hapo. Hakuna tatizo. Tatizo linakuja pale ambapo kile unachokipiga wewe mwenyewe ndicho kinapitishwa Bluetooth. Hiyo ndo mstari wa kuchora, upande huu ruksa upande ule hapana. Angalizo dogo tu, zile spika mbili zinazounganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa Bluetooth ili moja iwe kushoto nyingine kulia, hata ukichomeka kwa waya kwenye ile ya kwanza bado zinaweza kuongeza dilei, kwa hiyo ukiwa unapiga laivu zima huo muunganiko.

Sasa dilei kiasi gani inavumilika? Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, ukipiga hesabu ni karibu milisekunde 3 kwa kila mita moja. Ina maana ukisimama mita 3 kutoka kwenye ampu yako tayari unasikia kwa kuchelewa milisekunde 9 na hujawahi kulalamika. Kwa hiyo kifaa chenye milisekunde 5 ni sawa na kusogea nyuma hatua mbili tu. Chini ya 10 wapiga vyombo wengi hawasikii tofauti. Mwimbaji ndo mgumu, kwa sababu yeye sauti yake anaisikia mara mbili, moja inapita kwenye mifupa ya kichwa haraka haraka, nyingine inamrudia masikioni kupitia monita, zikipishana hata kidogo tu sauti inakuwa kama inatoka kwenye bomba. Na kumbuka dilei zinajumlishwa, maiki ya dijitali ina yake, mixa ya dijitali ina yake, monita ya masikioni ina yake. Tatu zikikutana kwa mwimbaji mmoja utamsikia anasema "sauti yangu leo siipendi" na hajui kwa nini.

Gigahazi 2.4 au UHF

Vifaa vya bei nafuu vimegawanyika makundi mawili makubwa, na hapa soma taratibu maana ukikosea unarudi kununua tena.

Kundi la kwanza ni vidude vya dijitali vya gigahazi 2.4. Ni vile vidogo vya kuchomeka, kimoja kwenye gitaa kingine kwenye ampu, vinachaji kwa USB. Vizuri vyake ni vingi: masafa hayo hayahitaji kibali karibu kila mahali duniani, sauti haina ule mvumo wa redio, na dilei yake iko chini, Boss WL-20 kwa mfano wenyewe wanataja milisekunde 2.3, zingine nyingi ziko kwenye 4 mpaka 6. Ubaya ni kwamba hapo kwenye 2.4 ndo dunia nzima imejazana, Wi-Fi ipo hapo, Bluetooth ipo hapo, oveni ya maikrowevu pia. Alafu mwili wa binadamu umejaa maji na maji yanayameza sana mawimbi ya masafa haya. Utafanya saundi cheki ukumbi ukiwa mtupu kila kitu kinakwenda kama siagi, watu wakijaa, kila mmoja na simu yake mfukoni, ndo unaanza kusikia sauti inakatika. Kwa hiyo ile saundi cheki ya mchana isikudanganye, na ile "mita 30" iliyoandikwa kwenye boksi ni mita 30 za uwanja mtupu hakuna mtu katikati.

Kundi la pili ni UHF, yaani masafa ya redio ya mamia ya megahazi, hasa maiki zile za kushika zinazouzwa mbili mbili na boksi lake lenye antena. Mawimbi yake ni marefu, kwenye megahazi 600 wimbi moja lina kama nusu mita wakati kwenye gigahazi 2.4 ni sentimita 12 na nusu tu, kwa hiyo UHF inapita katikati ya watu vizuri zaidi. Zile za analojia hazina dilei ya kuongelea kabisa. Lakini lazima uangalie mambo mawili.

La kwanza ni sheria. Masafa ya UHF tunagombania na televisheni na kampuni za simu, na simu ndo zinashinda. Marekani kwa mfano walipiga marufuku maiki kwenye sehemu kubwa ya megahazi 600, yaani 617 mpaka 652 na 663 mpaka 698, kuanzia tarehe 13 Julai 2020. Unadhani zile maiki zilienda wapi? Nyingi ziko sokoni kama mitumba, bei imeshuka mpaka unashangaa, na ukishangaa bei geuza kwanza maiki usome namba ya masafa. Ulinganishe na kinachoruhusiwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi uliyopo, sio nchi ilikotoka maiki. Mbali na sheria, ukipiga kwenye masafa ya mnara wa simu, mnara utakufunika tu, wenyewe hauna habari na wewe.

La pili, zile za bei ya chini kabisa masafa yake hayabadiliki, limefungwa moja kiwandani na basi. Ukinunua seti mbili zinazofanana ukafikiri sasa una maiki nne, kuna hatari zote ziko palepale na zitakuwa zinapigana. Ongeza hela kidogo upate yenye kuchagua chaneli, hapo usibane.

Gitaa na besi

Kama we ni wa gitaa la umeme, kidude cha 2.4 kinakutosha, huna haja ya UHF. Ila angalia vitu ambavyo kwenye tangazo havisemwi. Kichomeo kizunguke, maana gitaa zenye tundu lililozama ndani kama Stratocaster haziingii kila kidude, na kile kisichozunguka kitakaa kimesimama kama pembe ukigonga kidogo kinavunja tundu la gitaa. Dawa yake rahisi ni kakipande ka waya ka sentimita 15 hivi, unachomeka kwenye gitaa, kidude unakining'iniza kwenye mkanda. Kakipande hakohako kanasaidia pia kama kidude kinatoa mlio wa ajabu kikiwa karibu na pikapu, vile vinasa sauti vya gitaa.

Gitaa au besi yenye pikapu za betri jaribu kabla ya kulipa, baadhi ya hivi vidude vikikutana nazo vinatoa mlio mwembamba wa juu usioisha. Na gitaa la kavu lenye piezo (kinasa sauti kinachohisi mtetemo) isiyo na priampu, yaani kikuza sauti kidogo, ndani, hapo uliza ingizo la kidude lina ukinzani kiasi gani, ikiwa chini ya megaohmu 1 sauti itakuwa nyembamba, besi yote inapotea. Ukiwa na priampu ndani ya gitaa huna shida.

Kitu kingine, ukishatoa waya utaona gitaa limekuwa na makali kuliko jana. Hujaharibu kitu. Waya mrefu unanyonya zile sauti za juu kwenye pikapu za kawaida, sasa umeutoa zimerudi. Punguza trebo kwenye ampu maisha yaendelee, au kwenye baadhi ya vidude kuna swichi ya kuigiza waya.

Maiki

Kama tayari una maiki nzuri ya waya ya dainamiki (ile isiyohitaji umeme), mi nakushauri usinunue maiki mpya. Nunua kile kichomeo cha XLR (cha pini tatu) kinachopachikwa chini ya maiki, na mwenzake anachomekwa kwenye mixa, Xvive U3 ni ya aina hiyo na zipo nyingine nyingi. Unabaki na sauti ya maiki yako unayoijua. Maiki ya kondensa itahitaji umeme wa fantomu wa volti 48, ule unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya wake, na vichomeo vingi vya bei nafuu havitoi, kwa hiyo soma. Na upande wa mixa, zima fantomu kwenye chaneli uliyochomeka risiva (kile kinachopokea), ifanye kuwa tabia tu.

Ukinunua zile za UHF, jifunze kuweka geini (ukubwa wa sauti inayoingia) vizuri kwa sababu karibu kila malalamiko ya "hii maiki mbovu" yanaanzia hapa. Za analojia zinabana sauti wakati wa kutuma na kuifungua wakati wa kupokea, ukituma sauti ndogo sana unasikia mvumo unapanda na kushuka nyuma ya maneno. Kwa hiyo imba kwa nguvu ile ile utakayoimba kwenye shoo, sio "haloo haloo moja mbili" ya uvivu, ukiwa unaangalia taa ya risiva. Pandisha geini ya maiki mpaka taa nyekundu iguse mara mojamoja ukipiga kelele kabisa, kisha rudisha kidogo. Ndipo sauti ya risiva, ndipo mixa. Kwa mpangilio huo, usianzie mwisho.

Halafu mkono. Antena ya maiki nyingi iko chini kwenye mkia, ukiufunika kwa kiganja umeua nusu ya umbali wako. Na ukifunika kichwa cha juu kama marapa wanavyopenda, maiki inaanza kupiga mluzi. Katikati pale ndo pa kushika.

Vile vimaiki vya kubana kwenye shati ambavyo watu wanatumia kurekodi video na simu, mi navipenda kwa kurekodi mazoezi, lakini zima kabisa ile ya kupunguza kelele. Imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, noti ndefu ya gitaa au ya sauti inaiona ni kelele ya feni, inaikata, unabaki na mwanzo wa noti tu.

Monita za masikioni

Hapa ndo bei inaruka, kwa hiyo kabla ya kununua tenganisha wanaotembea na wasiotembea. Mpiga dramu na kinanda wape kaampu kadogo ka hedifoni ka kubandika kiunoni kanakochomekwa kwa waya kutoka mixa, bei yake ni sehemu ndogo tu ya mfumo wa bila waya na sauti ni safi zaidi. Mwimbaji ndo anunuliwe ya bila waya. Mifumo mingi inakubali transmita (kinachotuma) moja na risiva kadhaa, bendi nzima mnasikia miksi moja, mtagombana kidogo nani azidi nani lakini hela inaokoka. Xvive U4 ya gigahazi 2.4 iko kwenye kundi la bei nafuu na dilei yake inatajwa chini ya milisekunde 5.

Usivae sikio moja tu lingine wazi. Utapandisha sauti kwenye lile lililovaa ili lishindane na jukwaa, na hilo sikio ndilo litakaloumia. Na kama mfumo una limita, kile kinachozuia sauti isipande kupita kiasi, iwashe iwe imewaka muda wote, maana mtu akichomoa waya kwenye mixa bila kuzima chaneli ule mlipuko unaingia moja kwa moja kichwani.

Pima dilei mwenyewe

Usiamini boksi. Ukiwa na kompyuta na intafesi ya sauti (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) yenye maingizo mawili, weka maiki ya waya kwenye la kwanza na ya bila waya kwenye la pili, zote zikiwa zimegusana vichwa kwa sababu hata sentimita 10 za tofauti ni milisekunde 0.3. Fungua Audacity, programu ya kurekodi ya bure, rekodi zote mbili kwa pamoja kwenye 48000, yaani sampuli (vipande vidogo vya sauti) 48000 kwa sekunde, gonga fimbo za dramu mara moja mbele yao. Sasa kuza picha ya sauti mpaka uone ule mwiba wa kugonga. Kwenye mstari wa juu mwiba uko hapa, kwenye wa chini umesogea kulia kidogo, hesabu sampuli katikati ya miiba miwili, kila sampuli 48 ni milisekunde 1. Ukikuta 240 basi ni 5, uko salama. Ukikuta elfu moja na kitu hicho kifaa rudisha ulikokitoa, au kitumie kwa hotuba.

Huna intafesi? Fanya mdogomdogo, vaa hedifoni za waya, pitisha maiki ya bila waya humo, na utamke "ta ta ta ta" haraka. Ukisikia kila "ta" ina pacha wake, jibu umepata.

Siku ya shoo

Risiva isikae nyuma ya spika, isikae sakafuni, isikae juu ya mixa kwenye rundo la nyaya na simu za watu. Iweke juu ya vichwa vya watu au kando ya jukwaa pale ambapo we na yenyewe mnaonana. Transmita mfuko wa kushoto, simu yako mfuko wa kulia, bora zaidi simu ikae kwenye begi. Kama mixa yenu inaendeshwa kwa tableti, ruta yake iweke kwenye gigahazi 5 uache 2.4 kwa ajili ya muziki, hiki peke yake kimeponya bendi nyingi zilizokuwa zinalaumu vidude.

Mkiwa na UHF zaidi ya mbili, chaneli msizipange kwa nafasi zinazolingana. Inaonekana nadhifu lakini ni mtego: maiki ya 600.0 na ya 600.5 zikiwaka pamoja zinazaa mawimbi ya pembeni kwenye 599.5 na 601.0, sasa we maiki ya tatu umeiweka 601.0 kwa sababu ulikuwa unahesabu nusu nusu, itakoroma tu usiku mzima. Tumia zile grupu za chaneli zilizopangwa kiwandani, na zote ziwe za grupu moja. Ukitaka kujua kama imekaa sawa, washa zote, kisha zima moja moja usikilize risiva yake ikiwa peke yake bila maiki. Ikitoa sauti yoyote, hama chaneli.

Betri, za AA za alkalaini ni volti 1.5 na za kuchaji za NiMH ni 1.2, kwa hiyo kipimo cha maiki kitakwambia betri imeisha nusu wakati umeiweka sasa hivi, usishtuke, we pima nyumbani inadumu saa ngapi ujue. Vidude vya betri ya ndani navyo vinazeeka, kilichokuwa kinakaa saa 5 mwaka wa kwanza hakitakaa 5 mwaka wa tatu, kama shoo ni ndefu chaji wakati wa mapumziko. Na waya wako wa zamani uje nao, uchomekwe tayari kwenye ampu upande mmoja, kidude kikizima katikati ya wimbo unabadilisha ndani ya kiitikio.

Kununua mtumba

Washa mbele ya muuzaji, tembea nenda nyuma ya ukuta mmoja urudi huku unaongea, geuka mgongo ili mwili wako uwe katikati ya maiki na risiva, maana hapo ndo mifumo dhaifu inakatika. Fungua sehemu ya betri uangalie kama kuna ule unga wa kijani au mweupe kwenye springi. Tikisa antena. Chomeka na uchomoe chaji mara mbili tatu ukiangalia taa, tundu la USB lililolegea ndo ugonjwa wa kwanza wa hivi vidude vidogo. Na hakikisha transmita na risiva ni pacha wa modeli moja na herufi za masafa zinalingana, kuna watu wanauza nusu ya seti iliyopotelewa na mwenzake, na kuunganisha modeli mbili tofauti mara nyingi haiwezekani hata kama zote zimeandikwa jina moja la kampuni.